Betri Iliyokuwa Ikifa Mchana

Nimeacha kazi mwaka huu. Siku ya kuniaga, baada ya soda kuisha, vijana wa gereji waliniomba niwaandikie yale niliyoyaona katika umeme wa magari, kwa sababu, walisema, nikisimulia kwa mdomo ninazunguka sana. Basi naandika. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Nitasema habari za betri na altaneta inayoichaji, za mwalimu wangu, na za gari moja ambalo mpaka leo sijaweza kulisahau.

Mimi ni Wilondja, mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Kwetu nilikuwa natengeneza mota za boti ziwani. Vita ilipotufikia mwaka wa 1996 nilikimbia na mke wangu, Riziki, na mtoto wetu Sifa mgongoni. Njia ilikuwa ndefu na sitaieleza, wengi wenu mmeipita. Tulipofika Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulipewa turubai, jembe na shamba. Turubai nililijua. Jembe lilinishinda. Mahindi yangu yaliota moja moja, kama watu waliokosana, na Riziki alisema waziwazi kwamba tukingoja mavuno yangu tutazikwa na njaa. Nikaomba nafasi juu ya lori la maharage, nikashuka mjini Mbarara kutafuta kazi ya mikono.

Dereva wa lori lile ndiye aliyenielekeza kwa Hajji Sulaimani. Gereji yake ilikuwa Ruti, upande wa barabara ya Kabale: mabati manne, kivuli kidogo na harufu ya tindikali. Hajji alikuwa Mganda mrefu, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. Ujana wake wote aliendesha malori mpaka Mombasa, ndiyo sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Sikuwa na cheti wala barua. Hakuniuliza. Alisukuma betri moja kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Hii imekufa," alisema. "Nani ameiua?"

Niliitazama, nikaipima kwa mita yake. Nikasema, "Imezeeka, Hajji."

"Hilo ni jina la maiti. Mimi nimekuuliza jina la muuaji."

Siku yangu ya kwanza yote ilipita namna hiyo. Jioni nilipata jibu: regyuleta, kidhibiti cha chaji, ya gari ilikotoka ilikuwa inaipa umeme kupita kiasi, betri ikachemka mpaka maji yakakauka ndani. Hajji aliitikia kwa kichwa, akanipa chai. Kuanzia hapo nikawa mtu wake.

Alinifundisha mpango ambao hata leo naufuata, na ninyi mtaniwia radhi nikiurudia. Usikimbilie altaneta. Anza na vichwa vya betri: ule unga mweupe uoshe kwa maji ya moto, kaza klipu, kisha fuata waya wa ardhi mpaka unapofungwa kwenye bodi, maana nusu ya magonjwa yote yako kwenye ile nati moja yenye kutu. Bonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole uone kama umelegea. Ndipo ushike mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo. Injini ikinguruma, isome karibu kumi na nne. Ikibaki chini ya kumi na tatu, altaneta hailishi. Ikivuka kumi na tano, inapika, na utasikia harufu ya mayai viza. Mwisho, zima kila kitu, fungua klipu ya hasi, weka taa ndogo ya kupimia katikati ya klipu na kichwa cha betri. Taa ikiwaka, kuna kitu ndani ya gari kinakunywa umeme kwa siri. Toa fyuzi moja moja mpaka umkamate mlevi.

Hajji hakupiga kelele na hakuuza betri kwa mtu asiyeihitaji, jambo lililowashangaza wafanyabiashara wenzake. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza nilikuwa najificha nyuma ya lori kula muhogo wangu. Akanikuta. "Wilondja, kula hapa mbele. Njaa ni yangu na Mungu, wewe usiingie." Wiki nzima nilikuwa nalala gerejini, Jumamosi napanda lori kurudi Nakivale kwa Riziki. Miaka ilikwenda hivyo, na sikuwa na huzuni nyingi kuliko mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye lile gari.

Lilikuwa ambulansi ya kituo cha afya cha kambini, jeupe, refu, la dizeli. Dereva wake aliitwa Bosco, Mnyankore, mwenyeji wa huku, wa mtaa wa Nyamitanga mjini, mwembamba, mpole, mtu wa kuosha gari hata siku ya mvua. Alipenda kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo akiwa na mgonjwa nyuma. Wakongo wa kambini walimwita Bosco Polepole, kwa sababu mashimo ya ile barabara aliyakwepa kama mtu aliyebeba mayai. Alileta gari Ruti akiwa ameudhika.

"Fundi, hii gari nasumbua mimi," aliniambia. "Napeleka mgonjwa Mbarara, narudi, nazima. Saa ya kuwasha tena, hapana. Betri nakufa. Tunasukuma kama ng'ombe."

Walikuwa wameshanunua betri mpya, na mpya nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Hajji alisema gari lilale. Kesho yake asubuhi alilipima mwenyewe, mimi nimeshika mita. Vichwa safi. Mkanda mzuri. Injini ikanguruma, mita ikasoma kumi na nne kamili, hata Hajji akatabasamu. Tukazima, tukaweka taa ya kupimia: giza. Hakuna kinachokunywa. Gari lilikuwa zima kuliko yale mengine yote yaliyokuwa uani siku hiyo.

"Chukua gari lako," Hajji alisema.

Bosco alisimama hapo hapo, kofia mkononi. "Lakini Hajji, asubuhi iko mzuri kila siku. Hii nakufa mchana tu."

Hajji akacheka. "Bosco, betri haivai saa."

Na sisi sote tukacheka, hata Bosco.

Betri ile ikafa kabisa. Wakanunua nyingine. Nayo, baada ya muda mfupi, ikaanza tabia ile ile. Katika kambi ambamo watu wanalala njaa, betri mpya mbili zinazopotelea ndani ya gari moja haziwezi kukosa kuzungumzwa. Watu wakaanza kusema kwamba Bosco anauza mpya sokoni na kufunga kuukuu. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamewahi kufanywa na madereva wengine, kwa hiyo hayakuwa magumu kuyaamini.

Kisha ikaja siku ya Mama Esperansi. Alikuwa jirani yetu, mtu wa Uvira, waliimba pamoja na Riziki kanisani. Esperansi, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ameanza shule, na mimba hii ya pili aliingoja sana. Uchungu ulimshika asubuhi. Mchana, mkunga wa kituo akaona mtoto amelala vibaya, lazima aende Mbarara kupasuliwa. Ambulansi ilikuwa uani, imerudi muda si mrefu kutoka mjini kumpeleka mgonjwa mwingine. Walimlaza ndani. Bosco akageuza ufunguo. Gari likatoa ile sauti ninyi nyote mnaijua, ka-ka-ka, kisha kimya.

Riziki alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Wanaume walisukuma. Kituo kiko kwenye uwanda, hakuna mteremko, na gari ni zito. Bosco alishuka akasukuma naye, mkono mmoja kwenye usukani. Wakamtuma mtu wa boda kutafuta gari lolote. Mwishowe likapita lori la mahindi, wakaunganisha waya kutoka betri ya lori, ambulansi ikawaka. Njia nzima Mama Esperansi alikuwa ameshika mkono wa Riziki. Walipofika Mbarara madaktari walimwokoa mama. Mtoto, msichana, alitoka akiwa ameshakufa.

Walimzika Nakivale, upande wa kilima ambako Wakongo huzika. Mimi nilipata ruhusa kwa Hajji nikaenda. Sanduku lilikuwa dogo kiasi kwamba baba yake alilibeba peke yake.

Afisa wa usafiri wa kituo, Bwana Tumwine, hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuja Ruti mwenyewe, akavua miwani, akamwuliza Hajji swali la haki kabisa: "Mzee, mfumo wa chaji wa ile gari uko sawa au hauko sawa?"

Hajji alijibu kwa alichokiona. "Altaneta ni nzima. Hakuna kinachovuja. Nimepima kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo betri mpya haiwezi kufa yenyewe?"

"Kwa gari lile? Sioni sababu."

Bwana Tumwine alivaa miwani yake, akashukuru, akaondoka. Wiki hiyo hiyo Bosco alifukuzwa.

Jumamosi nilikuwa kambini alipokuja kurudisha funguo. Watu walikuwa wamejaa langoni. Mama Esperansi naye alikuwepo, amefungwa kitenge tumboni, hata kusimama vizuri alikuwa hajaweza. Bosco alipotoka alimkaribia, akavua kofia, akataka kusema neno. Mama Esperansi akamkatiza.

"Usiniongeleshe. Uliuza batiri, ukauza na mutoto wangu. Mungu akuonyeshe ile amenionyesha miye."

Bosco alirudisha kofia kichwani. Alipita katikati ya watu bila kusukumwa na mtu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, jinsi walivyomwachia njia pana. Akatembea kwa miguu kuelekea barabarani. Hakuna boda aliyekubali kumbeba.

Aliletwa dereva mpya, mtu wa dini, asiyejulikana na mtu yeyote sokoni. Betri mpya ya tatu ikafungwa mbele ya macho ya Bwana Tumwine, akaitia alama kwa rangi nyekundu. Muda ukapita, si mrefu. Mchana mmoja gari likakataa kuwaka. Alama nyekundu ilikuwa pale pale.

Bwana Tumwine alipokuja tena Ruti, hakumtafuta Hajji. Hajji alikuwa msikitini. Aliniita mimi kando. "Wewe unakaa kule kule. Njoo ukae na hiyo gari mpaka uelewe. Mimi silali vizuri."

Nilimuaga Hajji kwamba naitwa kambini kwa kazi ya siku chache. Sikumwambia gari gani.

Nilipolipima asubuhi, lilikuwa zima, kama mwanzo. Kumi na nne, taa giza. Nikaketi kwenye bampa, nikajiuliza muuaji ni nani, na kichwani hakukuja jibu la Hajji. Yalikuja maneno ya Bosco: asubuhi iko mzuri, nakufa mchana tu. Nikawaza, huyu ndiye anayeishi na gari. Mgonjwa akikuambia usiku ndiyo anaumwa, daktari hampimi asubuhi akamwita mwongo. Basi nikaamua kulifuata gari katika saa zake za ugonjwa.

Nilipanda nyuma, penye machela. Tulikwenda Mbarara na mgonjwa, tukarudi katika jua kali, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Tulipozima tu pale kituoni nilifungua boneti, kabla joto halijatoka. Nikafungua klipu ya hasi, nikaweka taa ya kupimia.

Ikawaka. Si kidogo, iliwaka kama jicho.

Nikatoa fyuzi moja. Inawaka. Nyingine. Inawaka. Nilizimaliza zote, na taa bado inawaka. Nikafungua ule waya mnene nyuma ya altaneta, na vidole vikaungua. Taa ikazima. Nikaurudisha, ikawaka. Kisha nikafanya kitu ambacho Hajji hakunifundisha na hakuna aliyemfundisha yeye: nikakaa, nikaitazama. Injini ilivyopoa, taa ilififia. Jua lilipoanza kulala, ilizima yenyewe. Mtu angekuja kupima saa hiyo, au kesho asubuhi, angesema kama Hajji: gari zima.

Ndani ya altaneta kuna dayodi, vitu vidogo kama vifungo vya koti. Kazi yao ni mlango wa upande mmoja: umeme utoke uende kwenye betri, usirudi. Moja ya dayodi zile ilikuwa mlango mzuri ikiwa baridi. Ikipata moto wa safari, inalegea, na betri inarudisha kila ilichopewa. Kila safari ndefu, kila kusimama kituoni, betri inanyonywa. Betri inayonyonywa hivyo, hata ikiwa mpya, haikai.

Fundi akikamata ugonjwa uliomhangaisha, anafurahi. Nami nilifurahi, sikatai, kama mtu aliyemaliza kupanda mlima. Kisha nikainua macho nikaona lile lango alilopita Bosco, na furaha ikaniishia.

Nilibadilisha altaneta, nikachukua ile mbovu, nikaenda nayo Ruti. Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia Hajji na sikuipata. Mtu huyu alinipa kazi nikiwa sina hata jina mjini. Ningeweza kusema altaneta imekufa sasa, imechoka karibuni, na hakuna ambaye angejua. Nilimkuta ameketi, miguu yake ndani ya beseni, maana ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumla. Sigiri ya chai, jiko lake la makaa, ilikuwa inawaka kando.

"Hajji, naomba uangalie kitu," nilisema.

Nilipima dayodi zote mbele yake zikiwa baridi. Nzima. Nikaliweka lile bamba lao karibu na makaa mpaka likapata moto, nikapima tena. Moja ikapitisha umeme kwenda na kurudi.

Hajji alitoa miguu kwenye maji. "Rudia."

Nikarudia. Ikapoa, ikawa nzima. Ikapata moto, ikavuja.

"Hii ni ya gari gani?"

"La wagonjwa, Hajji. La Bosco."

Lori lilipita barabarani, kikombe kikatetemeka juu ya sahani. Hajji akasema taratibu, si kwangu, "Aliniambia ni mchana. Alisimama pale, ameshika kofia, akaniambia. Nami nikafanya mzaha."

"Mita haikudanganya, Hajji. Mtu yeyote angesema vile."

"Mwanangu, mita haikumfukuza mtu kazi. Neno langu ndilo lilimfukuza." Akajifuta miguu. "Nipeleke kwake. Leo."

"Miguu yako..."

"Nimesema leo."

Tulipanda boda mbili, tukavuka mto Rwizi kwenda Nyamitanga. Bosco hatukumkuta nyumbani. Mkewe, aliyekuwa akimenya matoke, alitutazama bila kutukaribisha, akatuonyesha bondeni kwa kisu. Alikuwa kule mtoni akifyatua matofali, udongo umempanda mpaka magotini. Alipotuona alisimama wima, mikono pembeni, kama mtu anayengoja polisi.

Hajji alishuka ule mteremko akiniegemea. Alipofika hakukubali gogo tulilompa akae.

"Bosco," alisema, "nimekuja kwa sababu neno langu limekuharibia maisha. Nilisema gari ni zima. Kumbe lilikuwa zima asubuhi, mchana bovu, kama ulivyoniambia wewe. Ugonjwa tumeuona. Hukuuza kitu. Mbele ya Mungu na mbele ya huyu Wilondja nakuomba msamaha."

Bosco alitazama mikono yake. Udongo ulikuwa unakauka na kupasuka kwenye vidole.

"Hajji, wewe hapana niita mwizi," alisema mwishowe. "Wewe nasema gari mzima. Wengine nafanya hesabu." Akabandua udongo kidoleni. "Lakini mimi nakuambia. Banange, jamani, mimi nakuambia mchana."

"Uliniambia."

"Hapana mtu nasikia mimi."

Mkewe alikuwa amekuja nyuma yetu, kisu bado mkononi. Alisema kwa Kiswahili cha kukatakata, ili sisi wageni tuelewe: "Watoto yake, kule shule, naitwa watoto wa betri. Wewe, mzee, naweza toa hiyo jina?"

Hajji alisimama kwenye udongo ule na miguu yake migonjwa, analia bila sauti, na Bosco ndiye aliyemshika mkono akampandisha juu. Chai tulipewa. Hatukuimaliza.

Bwana Tumwine alimrudisha Bosco kazini, na alisema ukweli mbele ya wafanyakazi wote wa kituo na viongozi wa kambi. Alisema vizuri. Watu walipiga makofi, wengine walikwenda kumsalimu Bosco kwa mikono miwili. Mimi pia nilichukuliwa, nikawa fundi wa magari ya pale, na hapo ndipo nilipozeekea. Lakini aliyerudi hakuwa Bosco Polepole. Kuimba aliacha. Akifika kituoni hakuzima injini. Iliunguruma tangu asubuhi mpaka anakwenda kulala, mvua au jua, na yeye ameketi ndani. Nilimwonyesha altaneta mpya, nikampimia ikiwa ya moto, nikamwekea taa aione iko giza. "Naona, fundi. Asante," akasema, na injini akaiacha inawaka. Mwanzoni Bwana Tumwine alilalamikia dizeli. Baadaye hakutaja tena.

Kwa Mama Esperansi nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta anachambua maharage mbele ya nyumba. Nilimweleza kwa maneno mepesi: kuna mlango mdogo ndani ya mashine, ukipata moto unaachia, umeme unarudi nyuma. Hakuna aliyeuza betri. Hakuna mtu aliyefanya kusudi.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ndani ya maharage.

"Baba Sifa, unasema hakuna mutu?"

"Hakuna, mama."

"Hata moya?"

"Hata mmoja."

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema, "Ungeniachiaka tu ile kasirani. Kila asubuhi njo ilikuwa inaniamusha. Nilikuwa naamuka, namulaani, napata nguvu ya kwenda mu shamba. Sasa nitaamuka na nini?"

Nilirudi kwangu nikamwambia Riziki. Alivaa kitenge, akaenda kwake, akashinda huko. Nimetengeneza magari mengi tangu siku hiyo, na sijawahi tena kudhani kwamba kujua sababu ni sawa na kupona.

Hajji aliendelea na gereji miaka michache. Mteja akimwuliza kama gari ni zima, alijibu, "Saa hii, mbele yangu, ni zima. Zaidi ya hapo muulize dereva." Wengine walimwona amezeeka, wakahamia kwingine. Sukari ilimkata mguu, kisha ikamchukua. Bosco alikuja mazishini kutoka Nyamitanga, na jeneza lilipoinuliwa alitia bega lake chini yake pamoja na Waislamu, hakuna aliyemzuia. Nami nilikuwa nyuma yake.

Mama Esperansi alipata mtoto mwingine, mvulana, na Bosco ndiye aliyempeleka Mbarara. Walisalimiana, basi. Kisha jina la familia yao likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi ya mbali, huko kwenye baridi. Asubuhi ya kuondoka, basi lilikuwa limesimama na watu wanaliliana shingoni, kama mnavyojua. Yeye alituacha sote pale, akaenda mpaka kwenye ambulansi. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye boneti, kwa hiyo niliwasikia bila kutaka.

"Baba Bosco," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. "Sisi tunaenda wote. Ule mutoto anabakia. Hakuna mutu wetu wa kumuangaliaka pale kwa kilima. Majani itamumeza."

Bosco alizungusha ufunguo. Injini ikazima. Akashuka.

"Mimi nitalima pale, mama," alisema.

"Nilikulaani."

"Mimi nasikia. Imeisha."

Alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka dereva wa basi alipopiga honi.

Juma lililopita, kazi yangu ilipokwisha, Bosco alinipitia nyumbani, naye amestaafu siku hizi, na mkewe nyuma yake amebeba jembe. Tulipanda kilima watatu mpaka kwenye kaburi la yule mtoto. Nilikuta nimechelewa kuwa wa msaada: pale palikuwa pamelimwa siku nyingi, pamezungushiwa mawe, na maua ya njano yamepandwa upande wa kichwa. Makaburi ya jirani yalikuwa yamefunikwa na majani mpaka kiunoni. Tulipalilia palipokuwa na kidogo cha kupalilia. Kijana mmoja wa kambini, aliyekuwa akichunga mbuzi, alimshangaa Mnyankore huyu kati ya makaburi ya Wakongo, akamwuliza kaburi lile ni la nani.

Bosco alijinyoosha, akashika kiuno.

"Hii?" akasema. "Hii ni ya kwetu."

Akainama tena, nasi tukaendelea kulima.